Sauti ya Mzee Makungu Imegandishwa Ukutani Uroa

Saa kumi na nusu alasiri, Mlandege. Bi Hamda Makungu anakata uzi kwa meno, anaikunja kanzu aliyomaliza kuishona, kisha anaifunika charahani yake. Anaipangusa meza ya kukatia nguo na kuiweka juu yake gramafoni, taratibu, kwa mikono miwili. Halafu anauchukua waya wa umeme, anauzungusha, anaufunga kwa utepe, na kwenda kukaa.

Leo ni Jumamosi ya sita gramafoni hiyo iko mezani na hailii.

"Iwacheni hivyo hivyo," anasema, bila ya kumtazama mtu. "Mpaka haki ya watu irudi."

Watu wenyewe wanaingia mmoja mmoja: Abdulrazak, fundi wa mafriji, Anuar, mwashi, na wengine wanne, wote vichwa vishaingia mvi. Wanajiita Wasikivu. Kwa zaidi ya miaka ishirini wamekuwa wakikutana katika kiduka hiki kusikiliza jazz za zamani, za Marekani zilizoletwa na mabaharia, na chache za bendi za huku kwetu. Santuri ikilia hakuna anayefungua mdomo. Ikisha, ndipo vita vinapoanza: nani kapuliza saksafoni, na kwa nini mpiga ngoma kazubaa pale katikati.

Bi Hamda, mwenye umri wa miaka 58, ndiye mwanamke pekee kati yao. Kanzu moja anaishona kwa shilingi 15,000, na wiki nzuri hupata tano au sita. Sindano ya gramafoni, ambayo huagizwa Dubai, ni shilingi 90,000. Piga hesabu mwenyewe.

"Watu wananiambia, Bi Hamda una wazimu, sindano moja kanzu sita," anasema. "Nawaambia ndiyo, nnao. Nyinyi wenu uko kwenye simu."

Wasikivu wana desturi moja ambayo mtu wa nje huiona ya ajabu. Hakuna anayekaa na santuri zake mwenyewe. Za Anuar ziko kwa Abdulrazak, za Abdulrazak ziko kwa Bi Hamda, na za Bi Hamda, pamoja na za wengine, zilikuwa Mangapwani, nyumbani kwa Mzee Shaame, aliyekuwa fundi wa injini za meli. Ukitaka kuisikia santuri yako, sharti umwendee mwenzako, ukae, unywe chai, umjulie hali. Haikuandikwa popote. Watu wazima wameaminiana, waandikishane nini?

Kati ya santuri alizokuwa nazo Mzee Shaame kulikuwa na moja ndogo, yenye karatasi ya buluu katikati. Mwaka 1961 baba yake Bi Hamda, Makungu, mpiga tarumbeta, alivuka kwenda Mombasa pamoja na bendi yao ya mtaani wakarekodi nyimbo mbili. Kabla ya wimbo wa kwanza kuanza, anasikika mwanamme akicheka kidogo na kusema, "Haya vijana, moja, mbili..." Huyo ndiye Makungu. Alifariki Bi Hamda akiwa na miaka minane.

"Picha yake ninayo moja, imeliwa na mende nusu ya uso," anasema. "Sauti yake imebaki pale tu. Sina pengine."

Na simu je? Mbona hakuirekodi? Aulizwapo hivyo Bi Hamda huinamisha kichwa. Anuar alishamwambia zamani waitie kwenye simu. Yeye ndiye aliyekataa.

"Nlimjibu, nkishaitia kwenye simu, nani tena atakwenda Mangapwani? Nliona akili hiyo. Kumbe ujinga mtupu."

Mzee Shaame alifariki miezi minne iliyopita. Mkewe, Bi Mayasa, akaingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani. Wasikivu wanaume hawakuweza kuingia kwa mjane, basi kazi ya kuziulizia santuri ikamwangukia Bi Hamda. Alikwenda mara tatu. Mara mbili za mwanzo alikaa chumba kimoja na makasha ya santuri, mkono mmoja tu kutoka magotini pake. Hakuuliza.

"Ntaulizaje? Mwenzangu kafiwa, kakaa eda, mimi nianze, nipe santuri yangu? Nlisema eda ikisha ndiyo tutazungumza. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa."

Mara ya tatu makasha hayakuwapo. Akadhani yamehamishiwa chumba cha ndani, maana mvua zilikuwa nyingi na dari lilikuwa likivuja. Akanyamaza tena, akanywa chai yake, akaondoka.

Siku chache baadaye Abdulrazak aliitwa Uroa kutengeneza friji la hoteli moja ya ufukweni. Alipopita ukumbi wa kulia chakula, mkoba wa vyombo ulimponyoka. Ukuta mzima ulikuwa umebandikwa santuri, themanini na tatu, zimepangwa umbo la samaki! Akapiga picha na kumtumia Bi Hamda. Kwenye jicho la samaki palikuwa na kiduara cha buluu.

Yussuf, mtoto wa Mzee Shaame, ndiye aliyeyatoa makasha. Siku ya arobaini na mbili tangu baba yake azikwe, alimuuzia mpambaji wa hoteli makasha yote kwa shilingi 200,000. Mpambaji alitaka zile sahani nyeusi tu. Ile mifuko ya karatasi ambayo Mzee Shaame, kwa hati zake nzuri za Kiarabu, aliandika kila santuri ilinunuliwa bandari gani, nani anapuliza nini, na nani kati ya Wasikivu alibisha, ilikwenda jaani. Miaka ishirini na kitu ya mtu aliyejua kusikiliza, jaani pamoja na maganda ya mihogo. Hata kuuliza hakuna aliyeuliza.

Bi Hamda alipanda gari na Anuar, wakaenda Uroa. Meneja aliwapokea vizuri, akawaletea maji ya baridi, kisha akawaambia ana risiti.

"Wageni wanazipenda sana mama, kila siku wanapiga picha," alisema.

"Wameshazisikia?" aliuliza Bi Hamda.

"Hazilii hizo. Ni mapambo."

Akisimulia hapa, Bi Hamda anasimama, anakaa, anasimama tena. "Hazilii! Namwambia baba yangu yumo mle, ananambia hazilii! Halafu akanambia, kama nnataka, nisimame pembeni anipige picha nayo, bure. Bure, unasikia? Nlimwambia mwanangu, haya maji yako chukua, yasije yakanisakama."

Anuar, wakati huo, alikuwa ameshausogelea ukuta na kuugonga kwa kucha. Gundi iliyotumika ni ile ya kubandikia vigae. Upande wa nyuma wa santuri hiyo, alisema, ndio basi tena. Lakini upande unaotazama watu ndio ule wa kwanza, wenye sauti ya Makungu, na bado una mistari yake.

"Mimi sing'oi santuri," anaeleza Anuar. "Nnakata plasta kuizunguka, naitoa na ukuta wake, nikifika nyumbani ndiyo naichokonoa polepole. Tundu naliziba mwenyewe, rangi napaka mwenyewe, senti yao siitaki. Wangenipa saa mbili tu."

Hawakumpa. Meneja alisema samaki atabaki hana jicho. Baadaye akalegea, akasema mwuzaji akiandika kuwa santuri hiyo haikuwa yake, ataruhusu ikatwe. Yussuf akakataa katakata kuandika, kwa kuogopa mpambaji atamdai pesa alizokwishazitumia.

"Baba hakuniambia kuna za watu," Yussuf alisema alipopigiwa simu. "Na Bi Hamda santuri moja tu imemtoa roho? Anambie jina, ntamnunulia nyengine."

Nyengine! Mtu mzima na ndevu zake.

Sheha naye, mkuu wa serikali ya mtaa, alipofikishiwa shauri hilo, alisikiliza kwa upole na kusema anahitaji shahidi wa nyumbani. Shahidi wa nyumbani ni mmoja tu, Bi Mayasa, na yumo ndani ya eda. Kumpelekea mjane mashitaka ya mwanawe wa kumzaa, ndani ya eda ya mumewe? Wasikivu walitazamana. Hakuna aliyethubutu. Ndiyo Bi Hamda akaufunga waya wa gramafoni, na tangu hapo akawa haendi Mangapwani.

Wanaokuja Jumamosi sasa wanabishana kwa kumbukumbu. Leo Abdulrazak anaimba kwa mdomo kipande cha tarumbeta cha Mzee Makungu, Anuar anamkatiza kuwa kakosea, na Bi Hamda anawaambia wote wawili wamekosea. Wanacheka kidogo. Kisha mtu anaitazama gramafoni, na kicheko kinakatika.

Alhamisi iliyopita hatimaye Bi Hamda alijikaza akaenda Mangapwani. Zilibaki siku tisa eda iishe, na aliona ni utovu wa adabu kumtupa mjane wiki zote zile. Aliazimia asiseme neno.

"Shikamoo, Bi Mayasa."

"Marahaba, mwanangu. Umenihama?"

Walikaa. Bi Mayasa, bibi wa miaka sabini na kitu aliyevaa nyeupe, alimmiminia chai, akamsogezea sahani ya mikate ya maji. Ndipo alipouliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari njema:

"Zile santuri zenu zilifika salama?"

Bi Hamda alidhani hakusikia vizuri. "Zipi, Bi Mayasa?"

"Si zile mlizokuja kuzichukua? Yussuf alinambia wenyewe washakuja, kawapakilia garini. Nami nikashukuru. Marehemu hakuacha kunambia, hata usiku ule wa mwisho: za watu ziwafikie watu. Ile yako ya buluu niliishonea mwenyewe mfuko wa marikani, isipate vumbi. Hukuiona?"

Bi Hamda alijitahidi kuyazuia machozi, hakuweza. Akamwambia yote: samaki, gundi, meneja, sheha. Alipomaliza, mjane yule aliliweka kando birika la chai na kumwita mwanawe, aliyekuwa uani.

"Naam, mama," Yussuf aliitika na kuingia. Alipomwona Bi Hamda, alibaki mlangoni.

"Niambie siku nitakayotoka eda," mama yake alimwambia.

"Jumamosi ya wiki ijayo, mama."

"Basi siku hiyo ukodi gari. Ndugu zangu wananingoja niwatembelee, lakini mimi nnakwenda Uroa kwanza. Utanisimamisha mbele ya ukuta huo, na meneja awepo, na sheha awepo, na mwashi wao aje na patasi yake. Kisha uninyooshee kidole, moja moja, uniambie ipi ni ya baba yako na ipi umeiiba."