Sweta la Baba Lililogawiwa Nyumba Saba

Jumanne, saa tatu asubuhi. Mashine nne zinanguruma katika chumba cha kufulia, chini ya bweni la wanafunzi katika mji wa milimani wa Khorog, na Davlatmo Nazarshoeva wala hazisikii. Amekalia kikapu cha foronya kilichopinduliwa. Mapajani mwake limelala sweta la kijani, na kwa ncha ya sindano anatafuta mahali uzi ulipofungiwa.

“Kwanza unashonoa ubavuni, halafu unaanzia shingoni,” anasema bila kuinua macho. “Anayeanzia chini atakesha na mafundo.”

Anavuta. Uzi unatoka na mawimbi yake, kama nywele zilizofumuliwa misuko. Mwenzake wa kazi, Zevar, anauzungushia kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa.

“Na mwenye sweta akirudi, shangazi?”

“Alimaliza masomo mwaka juzi. Akirudi atalikuta miguuni mwa watoto wa watu. Atuletee na la pili.”

Davlatmo ana miaka hamsini. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza humu, akifua shuka na mapazia ya vijana mia tatu. Wakiondoka kila kiangazi, huacha nguo nyuma. Yeye huzifua, huzitundika mwaka mzima kwa ajili ya mwenye kukumbuka, na zisipodaiwa huzihesabu kuwa malighafi.

Zimebaki wiki tatu kufika Nairuzi. Mwaka mpya unaingia na machipuko, theluji ikiwa bado imeng’ang’ania vivulini, na hakuna anayetaka kwenda kwa jirani mikono mitupu. Sokoni jozi moja ya soksi nzuri za rangi inauzwa somoni themanini. Kwa mwenye ndugu wengi, hizo ni fedha za unga wa mwezi.

Ndiyo maana kila Jumanne mchana, mashine zikizimwa, chumba hiki hujaa wanawake. Wahudumu wa hospitali wanakuja, muuza mikate anakuja, na wengi wao wana waume walio kazini Urusi. Sharti la kuingia ni moja: utakachotengeneza hapa si chako.

“Ukitaka cha kwako, ngoja akutengenezee mwenzio,” Davlatmo huwaeleza. “Usipotengenezewa, basi jiulize ulikuwaje mwaka mzima.”

Wanawake hucheka, ila wengine kidogo kuliko wenzao.

Kazi zenyewe ni za vitu vya kuokota. Mkono wa koti kuukuu unakatwa, unajazwa pamba, unakuwa kofia ya birika. Maganda ya vitunguu yaliyokusanywa tangu vuli yanachemshwa na mayai hadi yanatoka mekundu kama kutu, na ukilifunga yai jani la kotimiri kabla ya kulichemsha, jani linaacha picha yake. Forosadi zilizokaushwa juu ya mapaa kiangazi zinasagwa, zinakandwa na lozi, zinaviringwa vitonge, kisha zinafungwa kwenye vipande vya shuka nyeupe. Shuka, bila shaka, ni za bweni, zile zilizotoboka.

“Mkuu wa bweni anajua,” Davlatmo anasema haraka. “Mwaka jana alikula vitonge kumi na viwili.”

Ila kinachopendwa kuliko vyote ni soksi. Na ukimuuliza Davlatmo alijifunza wapi kutengeneza soksi kutokana na sweta la mtu, mikono yake inasimama kwanza.

*

Ilikuwa mwaka 1993. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, na dada yake Nozanin ishirini na mmoja. Waliishi na mama yao, Qimatbegim, katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja juu ya Khorog, ukiufuata mto Gunt. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimefunga barabara za kwenda bondeni. Umeme ulikatika. Watu walikata miti ya matunda waliyoipanda wenyewe ili wapate kuota moto, na unga ulikuja kwa malori ya msaada, ukapimwa kwa vikombe.

Baba yao alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Osh. Desemba iliyotangulia, poromoko la theluji lilimfunika karibu na kilele cha mlima. Wenzake waliurudisha mwili, na juu yake wakarudisha sweta lake, jeusi linaloelekea kahawia, sufu tupu ya kondoo wa kwao, lililofumwa na bibi mzaa baba.

“Nozanin alilifanya mto,” Davlatmo anakumbuka. “Alilalia lile sweta kila usiku. Lilikuwa bado lina harufu ya dizeli na tumbaku. Mimi nilikuwa nangoja apitiwe na usingizi ili nami ninuse kidogo mkono mmoja wa sweta.”

Nairuzi ikakaribia. Jioni ya sikukuu hiyo, tangu zamani, watoto wa kijiji hupanda mapaa ya majirani na kuteremsha kitambaa kupitia tundu lililo katikati ya dari. Aliye ndani hufunga zawadi kwenye ncha ya kitambaa, nao hukivuta juu wakipiga kelele. Kitambaa kikipanda kitupu, ni aibu kwa nyumba.

Mwaka ule nyumba ilikuwa haina yai, haina lozi, haina hata mkate wa kuzidi.

Wiki moja kabla, Nozanin alitumwa kuteka maji mtoni, kwenye tundu walilolitoboa katika barafu. Alichukua karibu saa nzima. Mama akachukua sweta, akatoa kisu kidogo, akashonoa ubavuni.

“Akaniambia, ‘Davlatmo, nyoosha mikono.’ Nikanyoosha. Nilidhani ananipima kitu. Akaanza kunizungushia uzi. Nilipotambua ni uzi wa nini, mikono ilikuwa imeshafungwa.”

Nozanin aliingia na ndoo zake, akamkuta mama ameshafika kifuani mwa sweta. Davlatmo anasema dada yake hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini taratibu, bila kumwaga hata tone.

“Umemuua mara ya pili,” alimwambia mama.

Mama alijibu akiendelea kuvuta: “Baba yenu amekufa, mwanangu. Sweta haliwezi kukaa linamngoja.”

Kisha Nozanin akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa bado amenyoosha mikono. “Na wewe ukamshikia.”

Hayo, anasema Davlatmo, ndiyo maneno aliyoishi nayo.

Sweta lilitoa jozi saba ndogo za soksi. Jioni ya Nairuzi vitambaa saba viliteremka kutoka nyumba saba, na vyote vilipanda na kitu. Nozanin hakuwepo. Alikuwa amekwenda kulala kwa shangazi.

Mwaka uliofuata aliolewa Ishkoshim, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Khorog. Kwa mama alikuja misiba na harusi tu. Alisalimia, akaosha vikombe, akaondoka kabla ya giza. Kwa Davlatmo ilikuwa hivyo hivyo. Mara mbili Davlatmo alijaribu kulitaja lile sweta kwenye simu. Mara zote mbili simu ilikatika, “na mtandao haukuwa na kosa.”

*

Mama Qimatbegim alifariki miaka mitatu iliyopita, akiwa na miaka themanini na mmoja. Nozanin alikuja kuzika na akaondoka jioni ile ile.

Davlatmo alibaki kufunga nyumba. Siku ya nne jirani wa juu, Mzee Khushqadam, alikuja kuaga. Ana miaka zaidi ya themanini na anatembea kwa mikongojo miwili.

“Soksi za mama yako ninazo bado,” akasema.

“Soksi zipi, babu?”

“Zile za mwaka wa njaa. Za Oyjamol.”

Davlatmo hakuelewa. Mzee akakaa chini, akamsimulia jambo ambalo yeye na dada yake hawakupata kulisikia. Majira yale ya baridi binti yake Oyjamol, wa miaka saba, alikuwa hatoki nje tangu Januari. Hakuwa na kitu cha kuvaa miguuni. Jioni ya Nairuzi kaka yake alimbeba mgongoni hadi juu ya paa la Qimatbegim ili naye ateremshe kitambaa kama wenzake.

“Mama yako alikuwa amekuja kwetu kuomba kaa la moto,” mzee alimwambia. “Akamwona mtoto amefunga miguu kwa gunia. Akachukua kaa lake, akaenda. Baada ya wiki moja soksi zikatoka kwenye lile tundu. Kesho yake Oyjamol akatembea kwa miguu yake hadi shule.”

Oyjamol leo ni mwalimu. Soksi zilipomkaa ndogo, baba yake alizitunza, zikavaliwa na wajukuu wawili.

“Nilimuuliza mzee mbona hakutuambia wakati ule,” Davlatmo anasema. “Akanijibu, ‘Binti yangu, nani anasimama mlangoni kwa watu kutangaza kwamba mwanawe hana soksi?’”

Alipotoka hapo Davlatmo alifanya kitu ambacho anakiri kilimtia aibu. Alibisha hodi katika nyumba zote saba, kuomba zawadi za mama yake zirudishwe.

Nyumba mbili zilikuwa zimehama. Mbili walizitupa zamani. Katika moja, mama mwenye nyumba aligeuza soksi kuwa kishikio cha kushikia birika la moto, na hakutaka kukitoa.

“Akaniambia, ‘We Davlatmo, una wazimu? Kitu amenipa mama yako mwenyewe, wewe nani?’ Nikamsimulia habari ya dada. Akaniambia, ‘Chukua. Lakini nataka kingine, na kiwe na maua.’”

Nyumba ya mwisho walikuwa na soksi moja tu, wameitilia mbegu za dengu. Mzee Khushqadam alitoa jozi yake nzima.

Davlatmo alizifumua zote humu, kwenye kikapu hiki cha foronya. Uzi mwingine ulikatikia mkononi kama majivu. Uliosalia aliuloweka, akauning’inizia kijiko ili unyooke. Haukutosha soksi mbili za mtu mzima, kwa hiyo visigino akavifuma kwa uzi mweupe wa sweta la mwanafunzi.

Zevar alikuwepo. “Nilimwona amezifuma, amezifumua, amezifuma tena mara nne,” anasema. “Nikamwambia, shangazi, hizo ni soksi au ni mtihani wa taifa?”

Wiki moja kabla ya Nairuzi ya mwaka jana alizifunga kwenye kitambaa, akampa dereva wa gari la Ishkoshim. Hakuweka barua. “Ningeandika nini? Uzi ule anaujua kwa kidole.”

Siku kumi na moja zilipita. Nairuzi nayo ikapita. Siku ya kumi na mbili dereva alishuka ngazi za chumba cha kufulia akiwa na mfuko wa forosadi kavu. Ndani yake mlikuwa na soksi moja.

“Dada yako anasema mguu mmoja wake, mmoja wako,” dereva akatangaza mbele ya wote. “Na anasema kisigino umekosea, kama kawaida yako.”

Jioni ile simu ilipolia Davlatmo aliacha chai ikafurika.

“Umeutoa wapi?” Nozanin aliuliza, hata salamu hakuna.

Davlatmo akamweleza: mzee, gunia, kitambaa, mtoto mgongoni mwa kaka yake. Safari hii simu haikukatika.

“Akatembea?”

“Hadi shule, dada.”

“Mama hakuniambia.”

“Hukumuuliza.”

“Na wewe ulijua?”

“Sikujua. Mimi pia sikumuuliza.”

Hapo, anasema, alimsikia dada yake akipenga kamasi kwa nguvu, kisha akisema baridi ya Ishkoshim mwaka huo haina mfano. “Theluji ilikuwa inayeyuka,” Davlatmo anatabasamu. “Nami nikamwambia ndiyo, hata huku ni baridi.”

*

Mashine ya tatu inasimama. Davlatmo anainuka, anatoa shuka, anazikung’uta mara moja kila moja, na Zevar anapokea ncha ya pili. Wanakunja wakiongea.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, ameomba likizo ya Nairuzi: siku nne. Nozanin atakuja na gari la asubuhi. Hawatabaki mjini. Watapanda hadi nyumba ya mama yao, ambayo imefungwa tangu mazishi. Bomba la jiko limeshika kutu, na theluji ya paa lazima iondolewe kabla ya kuwasha moto. Oyjamol ameahidi kutuma wanafunzi wake wenye nguvu.

Davlatmo anataka nyumba ile ifunguliwe moja kwa moja. Akistaafu atahamia huko, na kazi za Jumanne zihamie naye, kwa sababu kijijini wanawake wenye uhitaji ni wengi kuliko mjini.

“Na dada yako atakubali kufundisha?” Zevar anamchokoza. “Maana hapa tumeshazoea visigino vyako vibovu.”

“Atafundisha, tena kwa matusi.”

Wamebakiza shuka moja. Davlatmo anailaza kifuani, anailainisha kwa kiganja.

“Tutalala chumba kimoja kama zamani,” anasema. “Atanigombeza kwa ajili ya moto, kwa ajili ya chai, kwa ajili ya namna ninavyopumua. Zevar, nimezingoja kelele hizo miaka thelathini na mitatu.”