Mafuta ambayo mume wangu hakumpa mama yake

Ninyi wa ukurasa huu, jina langu msilitaje. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto watatu, tunakaa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, kwenye nyumba ya kampuni aliyoachiwa mume wangu na baba yake, mtu wa mkoa wa Kasai aliyeletwa huku kufanya kazi ya mgodi. Simwandikii mtu ubaya. Ninaandika kwa sababu nina hofu, na hofu yenyewe siwezi kumwambia mtu wa karibu.

Mume wangu alikuwa msaidizi wa maabara katika kiwanda cha shaba. Mkataba ulipoisha hakukaa kulia kama wenzake. Alijifungia kwenye kijumba cha nyuma akaanza kuchanganya vitu, akatokea na dawa ya viwavi wa mahindi. Jamani, ile dawa inafanya kazi. Wakulima wa vijiji vya njia ya Kasaji walikuwa wanaifuata kwa baiskeli mpaka mlangoni kwetu, nami nilitembea kifua mbele. Kisha akatengeneza mafuta ya ngozi, yale meupe, ya kuondoa madoa na mwasho wa vumbi la huku. Mimi ndiye muuzaji. Akina mama wa kwaya yetu karibu wote wanapaka.

Kijumba kile nina ruhusa ya kufagia mlangoni tu. Nikiuliza ananijibu kwa upole, "Hii ni uvumbuzi yangu, mama. Siku nitaiandikisha kule Lubumbashi, njo nitakuonyesha yote. Saa hii watu banaiba." Nikaona ana haki. Mtu aliyehangaika na kitu chake lazima akilinde.

Sokoni ninakaa karibu na mama mmoja anayeuza samaki. Siku moja akaacha kufukuza nzi kwenye samaki wake, akanitazama mikono muda mrefu. "Mama, banzi beko kwangu, beko kwa huyu wa nyanya, beko kila fasi. Kwako habatue. Unapakaka nini?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimekunja mikono ndani ya kitenge. Tangu siku hiyo niliacha kupaka, nikamwambia mume wangu kwamba harufu inaniumiza kichwa. Hakuuliza swali hata moja. Mtu anayependa kazi yake hivyo, asiulize?

Halafu mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kasaji. Alikuwa amesikia habari za mafuta ya mwanawe, akataka kopo lake. "Mwana wangu anapakalisha ba mama wa watu, na miye nabaki na ngozi ya mamba?" Mume wangu akamwambia ampe muda kidogo. Mimi nilikuwa jikoni ninachagua maharagwe, mlango uko wazi. Nikamwona anatoa mafuta ya dukani kwenye mfuko, anachota kwa kijiko, anajaza kopo letu, anabandika karatasi yetu juu. Akampelekea mama yake kwa mikono miwili. Maharagwe niliyachagua upya kwa sababu nilikuwa nimechanganya mabovu na mazima.

Nilimuuliza baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Tata ya batoto, juu ya nini mama haukumupa ile yetu?"

"Mama ni muzee. Ngozi yake iko laini."

"Na batoto? Bale ulisema basiiguse."

"Batoto ni batoto."

Nikaleta kopo. Nikamwomba apake mkononi, mbele yangu, kidogo tu. Alinitazama, akatabasamu, akachota kwa kidole akajipaka mpaka kwenye kiwiko. "Umefurahi?" Akatoka nje. Nikasikia bomba la uani linafunguliwa. Nilipochungulia alikuwa amechuchumaa, anajisugua mkono kwa sabuni ya kufulia, anasuuza, anasugua tena.

Sasa linaloniua ni hili. Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, anafunga ndoa mwezi huu. Anapaka mafuta hayo asubuhi na jioni, kuanzia shingo mpaka nyayo, na kopo la kwanza alipewa na mume wangu mwenyewe kama zawadi. Siku hizi vidole vinamtetemeka akishika kikombe, na mate yanamjaa mdomoni mpaka anatema pembeni akidhani simwoni. Anasema ni mawazo ya harusi. Nilimwambia aache, akaninunia mimi dada yake mkubwa. "Yaya, weye ulishayolewa. Acha na miye ningae."

Ushahidi kwamba kwenye mafuta kuna dawa ya viwavi sina. Nikisema yapelekwe kupimwa, wapimaji ninaowajua hapa ni marafiki zake wa maabara. Mume wangu hajawahi kunipiga wala kunitukana, watoto wanakula kwa jasho lake. Labda ninamsingizia. Labda kila kitu alichofanya kina jibu lake zuri. Najibembeleza hivyo, halafu nakumbuka alivyokuwa anasugua ule mkono.

Leo asubuhi mdogo wangu ameleta kopo lake tupu nimjazie, atalipitia jioni. Liko mezani ninavyoandika. Nimefika hata dukani, nimenunua mafuta ya kawaida, nimeshika kijiko. Mdogo wangu nitamwokoa hivyo, kimya kimya, na nyumba yangu itabaki nzima. Hapo ndipo nilipoona kwamba ninafanya kile kile alichofanya mume wangu kwa mama yake. Ninachagua wangu. Na Jumapili akina mama wa kwaya watakuja kuchukua yao, na wataniuliza kama ni yale yale. Ninyi mnaosoma, niambieni ukweli bila kunihurumia: niwajibu nini?