Inchi za Kona kwa Kona

Siku tuliyonunua runinga tulikuwa watu watano ndani ya duka lile la Tarime mjini: mimi, mdogo wetu wa mwisho, dada yetu aliyenifuata kuzaliwa, shangazi yetu aliyevuka mpaka asubuhi hiyo kutoka upande wa Kenya, na mwenye duka, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja baadaye alidai kuwa yeye ndiye aliyezuia wizi.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha kwanza. Niliacha shule nikashika jembe. Dada alipoolewa Nyansurura, ng'ombe wa mahari yake waliingia zizini kwetu, na nyumba ikaanza kupumua. Lakini mdogo wetu alikuwa amefikia umri wa kutaka pesa, na kijijini kwetu Nyakunguru wakati ule pesa ilikuwa dhahabu. Mashimo ya wachimbaji wadogo niliyavumilia. Kitu kilichoninyima raha ni kifusi cha mgodi mkubwa, ambako vijana waliruka ukuta kwenda kuokota mawe. Wengine walirudi na simu mpya. Wengine walirudi wamebebwa na wenzao.

Safari hizo zilipangwa kwenye banda la video, mpira ukiendelea. Nilimkataza kwenda huko.

"Kaka, mimi naangalia mpira tu," aliniambia. "Nyumbani niangalie nini? Ukuta?"

Sikumwamini. Nilimweleza dada alipokuja kututembelea, naye akafikiri kidogo huku akitazama zizi.

"Uza yule mwekundu, mnunue runinga," alisema. "Ila ujue huo ni mkopo."

Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomlipia kaka yake mahari ya mke, na yule mwekundu alikuwa amewekwa kwa ajili ya mdogo wetu. Kumuuza ni kumega ndoa ya mtu. Dada alisema ng'ombe mwingine aingie zizini kabla kijana hajaanza kutafuta mchumba. Nikakubali. Mdogo wetu naye akatoa sharti lake: runinga isiwe ndogo kuliko ya bandani. Ya bandani, kwa maneno ya mwenye banda, ilikuwa inchi hamsini na tano.

Dukani nilikwenda kama mtu anavyokwenda kwa mnunuzi wa dhahabu. Huko kwetu hakuna anayeamini mizani ya mwingine. Mnunuzi anaweza kukukata pointi mbili za gramu huku anakuchekea. Kwa hiyo niliazima futi ya chuma kwa seremala, nikaitia mfukoni.

"Shikamoo mama," mwenye duka alimwamkia shangazi. Kisha akamgeukia mdogo wangu, akamwita kijana kwa Kikurya. "Mura, umerudi?"

Amerudi? Alikuja lini, na nani, na kwa pesa gani? Nilimtazama, akatazama viatu vyake. Nikajiambia kuwa hawa wawili wamepanga bei, na mdogo wangu atachukua cha juu baada ya sisi kuondoka.

"Tuonyeshe ya hamsini na tano," nilisema.

Akatuonyesha. Ilikuwa ukutani, inaonyesha samaki wa rangi na maua yanayofunguka. Nilitoa futi yangu, nikapima kutoka ukingo wa kushoto mpaka wa kulia. Nikarudia.

"Arobaini na nane," nilisema kwa sauti, ili hata wapita njia wasikie. "Saba zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda wapi vipi, mzee?"

"Umesema hamsini na tano. Futi inasema arobaini na nane. Saba umezila wewe au amezila aliyekuuzia?"

Mwenye duka alicheka. Kicheko chake kilinithibitishia wizi. "Mzee, runinga inapimwa kona kwa kona."

"Kona kwa kona! Mlango wa nyumba yako ulipimwa kona kwa kona? Kitanda chako je?"

"Chukua futi yako, weka kona ya juu, shusha mpaka kona ya chini."

Nilishusha. Ilikuwa hamsini na tano kamili. Badala ya kutulia nikazidi kushuku, maana mtu anayekupa kipimo kinachotoka sawasawa namna hiyo amejiandaa. Nilitoka nikaingia duka la jirani, nikapima mbili za kule kona kwa kona, huku mwenyewe ananiuliza kama mimi ni wa mamlaka ya mapato. Zote zilikubaliana na maboksi yao. Nikarudi, nimeshindwa, lakini futi bado iko mkononi.

Nilimkuta mdogo wangu anapima kwa kiganja. Alikuwa anatandaza shubiri juu ya ile ya hamsini na tano, kutoka pembe hadi pembe, midomo inatembea.

"Unafanya nini?"

"Hii ni kubwa kuliko ya bandani, kaka. Ya bandani ni shubiri tano na kidole. Hii inazidi kwa kiganja karibu kizima."

"Ya bandani si ni hamsini na tano?"

Alikwenda kwenye runinga ya pembeni, ndogo kidogo, akatandaza shubiri. Tano na kidole. Kwenye boksi lake paliandikwa hamsini.

Shangazi alipiga makofi. "Sasa ona! Huyo mtu wa banda anawatoza kiingilio cha hamsini na tano na yeye ana hamsini. Mnaogopa mwenye duka, kumbe mwizi mmemwacha nyumbani!"

"Kwa hiyo ile siku ulikuja hapa kufanya nini?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Kupima," alisema taratibu. "Nilitaka kujua kama utaniletea ndogo uniambie ni kubwa."

Kumbe na yeye alikuwa ananishuku. Dada alicheka mpaka akashika meza.

Sasa tulikuwa na mbili za kuchagua, na mwenye duka alitusukumia ile kubwa, akisema bei yake iko chini kidogo. Kubwa kwa bei ndogo: hapo nikasita. Shangazi alisogea mbele.

"Toa hao samaki," alisema. "Samaki hata kwa kioo kibovu wanapendeza. Niwekee mtu anasoma habari."

Mwenye duka aliunganisha king'amuzi shingo upande. Kwenye ile kubwa msomaji wa habari alionekana kama ameoshwa kwa maji ya magadi. Shangazi akasimama kando kabisa, karibu na mlango, akatuita. Kutoka pale sura ya mtu ilikuwa majivu matupu. Ya hamsini, hata ukiwa kando, uliona mpaka jasho la paji.

"Sebuleni kwenu mtakaa wote katikati?" alituuliza.

Tulichukua ya hamsini. Nililinganisha namba ya boksi na namba ya mgongoni, nikataka waranti iandikwe kwenye risiti na kugongwa muhuri mbele yangu. Mwenye duka aligonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mpira ulihamia kwetu. Hilo sikuwa nimelifikiria: wale wale vijana wa bandani sasa walijaa sebuleni kwangu, na kama kuna safari iliyopangwa, ilipangwa juu ya mikeka yangu. Nilikaa nao kila mechi, mimi nisiyejua mpira, nimetega masikio. Wakinong'ona, nauliza. Wananiambia, "Ofsaidi, kaka." Mpaka leo sijui zilikuwa ofsaidi ngapi za kweli.

Jumapili moja jioni wawili walisimama kabla mechi haijaisha. Mmoja alimgusa mdogo wangu begani na kumwonyesha mlango kwa kidevu. Nilijua ni safari ya kifusini. Nikajilazimisha kutazama kioo.

"Nyie tangulieni," mdogo wangu alisema. "Hapa kuna dakika za nyongeza."

Walimsubiri mlangoni kidogo. "Unageuka mtoto wa mama, mura?"

"Mama sina. Nina kaka, na anakaa karibu na mlango."

Walicheka, wakaondoka. Yeye alibaki mpaka penalti ya mwisho, na aliendelea kubaki mechi zilizofuata, ingawa mimi sikuhama pale mlangoni.

Mwaka huu ameanza kutaja binti wa Ikoma. Dada ameshasikia, na ametuma salamu fupi: anauliza zizini kuna nini. Pale aliposimama yule mwekundu hajaingia mwingine, na mimi ndiye ninayedaiwa.