Ulipiga Kelele kwa Lugha Gani?

Khabari ya kifo chake ilinifikia asubuhi kwa ujumbe wa simu, kwa Kiarabu kilichonyooka kisichokuwa na kosa hata moja, nikajua papo hapo kwamba aliyeuandika si mtu wa rika letu. Sisi tuliozaliwa Unguja na kuja Muscat tukiwa watu wazima hatuandiki mistari mitatu ya Kiarabu bila ya kumwita mtoto aikague. Marehemu alikuwa mkuu wa idara niliyoifanyia kazi kwa miaka mingi, na siwezi kudai kwamba tulikuwa marafiki. Alikuwa mkubwa wangu, mimi nilikuwa mfasiri wa barua, na katika ofisi mfasiri huhesabiwa pamoja na mashine ya kutolea nakala: akifanya kazi vizuri hakuna anayemwona. Hata hivyo tangu siku ile nimekuwa nikimlilia kwa namna iliyonishangaza mwenyewe, na wasomaji wa safu hii wanaojua kwamba kwa kawaida hulilia gari yangu tu watanivumilia.

Wengi waliofanya kazi chini yake katika miaka ya tisini watamkumbuka kwa jambo moja, kwamba alipiga marufuku Kiswahili. Hakutoa waraka, alitumia macho. Ukikutwa kwenye ujia unamuuliza mwenzako khabari za nyumbani, alikuwa akisimama, anakutazama, kisha anasema kwa Kiarabu, "Hapa ofisini, ustadh, si barazani." Nilimcheka kimyakimya, kwa sababu Kiarabu chake mwenyewe alikipata ukubwani, katika masomo ya jioni, na kila sentensi aliianza kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Lakini nilimwelewa. Zama zile, mtu mwenye jina la Kiarabu na ulimi wa pwani alikuwa akitazamwa mara mbili. Wengine walitabasamu, wengine waliuliza umetokea wapi hasa. Yeye aliamua kwamba watoto wake hawataulizwa. Nyumbani kwake Azaiba ilikuwa Kiarabu kitupu, isipokuwa jikoni, ambako watoto hawakukaa na mkewe alikuwa na mamlaka yake.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alimpeleka mke wake Ulaya kutibiwa macho. Mji sitautaja, maana nilikuwa huko kwa kozi ya miezi michache na bado natarajia kualikwa tena. Siku moja walipokuwa wakitoka hospitali, kwenye ngazi za stesheni ya treni, vijana wawili walimsukuma marehemu, wakampiga mateke akiwa chini, wakauchukua mkoba wenye pasi zao na vyeti vya daktari. Mkono ulivunjika kifundoni. Mkewe, aliyekuwa na kitambaa machoni, hakuona kitu ila alisikia kila kitu. Nilipofika kituo cha polisi, baada ya kupigiwa simu, nilimkuta mkubwa wangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanzu imechanika begani, anatazama ukutani.

Afisa alikuwa mtu mwema. Alieleza kwamba mtu aliyefanyiwa uhalifu ana haki ya kusema na kueleweka, na kwa kuwa mgeni wao ametoka Oman, ameshaitwa mkalimani wa Kiarabu. Nikajitolea kukalimani mimi kutoka Kiswahili. Afisa akasema rafiki haruhusiwi, na kabla hajamaliza marehemu alishanikata kwa macho yale yale ya kwenye ujia. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, mara ya kwanza kukisikia kinywani mwake: "Wewe una wazimu? Pasi hatuna. Mwomani asiyejua Kiarabu, watasema nini? Watasema mwongo, na hiyo pasi iliyoibiwa ilikuwa ya kughushi."

Mkalimani aliyekuja alikuwa mtu wa Morocco. Kiarabu cha Morocco na cha Muscat ni ndugu waliogombana zamani, na Kiarabu cha marehemu hakikuwa ndugu wa yeyote kati yao. Nilisimama nje ya mlango wa kioo nikimwona mkubwa wangu akiitikia kwa kichwa. Kila alichoulizwa, aliitikia. Maelezo yaliposomwa mwishoni, mlango ukiwa wazi, yalikuwa ya mtu aliyeteleza kwenye ngazi, akavunjika mkono, kisha mkoba wake ukapotea kwa namna isiyojulikana. Akatia saini kwa mkono wa kushoto. Tulipotoka nilimwambia, kwa adabu zote, kwamba maelezo yale hayakusema alipigwa. Akajibu, "Yameisha." Lakini hayakuwa yameisha. Mkewe aliniambia hali chakula, na akisikia hatua za watu nyuma yake husimama ukutani mpaka wapite.

Siku ya pili au ya tatu akaja mama mmoja hotelini, mstaafu, ana kofia ya sufu na mfuko wa machungwa. Alikuwa wa chama cha watu wanaojitolea kuwasaidia waliofanyiwa uhalifu. Polisi walikuwa wamewapa jina la marehemu. Mimi msomi wa chuo kikuu nilimuuliza mara mbili analipwa na nani, na mara mbili akasema halipwi, nami nikaendelea kumshuku. Alieleza, nikatafsiri: kwamba wanaweza kumsindikiza popote, kwamba anayo haki ya kuambiwa kesi yake imefikia wapi, kwamba maelezo yanaweza kuchukuliwa upya ikiwa hakueleweka. Marehemu akajibu kwamba anashukuru, alieleweka vizuri sana. Ndipo kutoka kwenye kiti cha dirishani mkewe akapasuka.

"Bwana we, hebu acha kujikaza! Kiarabu chenyewe wewe wakisema kama mtu anayekanyaga miba."

"Nyamaza, bibi. Kuna mgeni."

"Mgeni ndiye aliyekuja kukusaidia! Mwambie basi. Au nimwambie mimi nisiyeona?"

Yule mama hakuelewa neno, ila alielewa kwamba lugha imebadilika. Akanigeukia, akaniomba nimuulize swali moja tu. "Muulize, walipokuwa wakimpiga, alipiga kelele kwa lugha gani?"

Nilitafsiri kwa Kiswahili. Marehemu aliutazama mkono wake uliofungwa plasta kama kwamba ni wa mtu mwengine. Mkewe ndiye aliyejibu, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alisema, mama yangu wee, nakufa. Nimemsikia mimi. Mamake amekufa miaka, kazikwa Mwembeladu kule Unguja, na huyo ndiye aliyemwita."

"Basi," akasema yule mama huku akimenya chungwa, "tutamtafutia mkalimani wa lugha hiyo."

Ilichukua wiki, na aliyepatikana alikuwa Mkongomani. Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, na marehemu, ambaye angeweza kulikataa neno zima kwa sababu ya irabu moja, alikaa mbele yake kama mwanafunzi. "Papa," yule bwana alimwambia, "sema yote. Miye niko hapa, sitakimbia." Alisema kwa zaidi ya saa. Safari hii nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje pamoja na mama wa machungwa, na kupitia kioo nilimwona mkuu wa idara yetu akionyesha kwa mkono mzima jinsi alivyokanyagwa, kisha akilia, kisha akicheka jambo na Mkongomani, kisha akilia tena. Wale vijana hawakukamatwa. Miezi baadaye, tulipokuwa tumerudi Muscat, simu ilipigwa ofisini kutoka huko: mama wa machungwa, na Mkongomani kwenye laini pamoja naye, kumwambia kwamba kesi imefungwa na kumpa pole. Marehemu aliweka simu chini akabaki kuitazama. "Wamepiga kuniambia kwamba hakuna kitu," akasema. "Umewahi kuona?"

Sikuwahi. Na wala sitaki msomaji aondoke akidhani Ulaya ni pepo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimekaa kule vya kutosha kujua kwamba nchi hutofautiana, kwamba mahali pengine huduma kama ile ni jina tu mlangoni, na kwamba wageni wengi hupanda ndege kurudi kwao bila ya kujua kwamba walikuwa na haki yoyote. Lakini nchi zile zilikuwa zimeanza kukubaliana juu ya namna ya kumtendea aliyefanyiwa uhalifu, jambo ambalo sisi, pamoja na ukarimu wetu wote, bado linatushinda. Mtu akifiwa tunajua la kufanya. Akiugua tunajua. Akiibiwa au akipigwa, tunamwendea kwa kahawa na mashtaka. Ulikuwa unatafuta nini huko? Mlango ulifunga? Kwa nini hukupita njia ya taa? Pole yetu humfikia ikiwa imebeba hukumu, naye hujifunza kunyamaza. Mimi mwenyewe nilipovunjiwa gari Madinat Sultan Qaboos, nilidanganya kwamba niligonga mti, ili nisiulizwe.

Marehemu hakurudi akiwa mtu mwengine. Kiswahili kiliendelea kupigwa marufuku kwenye ujia, na mimi niliendelea kuwa mashine ya nakala. Ila miaka michache baadaye alinipitia mchana mmoja, akanifungulia mlango wa gari. "Panda," akasema. "Njoo unishuhudie nikiaibika." Mkewe alikuwa amempigia simu. Msichana aliyekuwa akimtia hina, mtu wa Morogoro anayefanya kazi katika saluni moja ya Hamriya, alivamiwa na mtu kwenye uchochoro wa nyuma ya maduka, akaburutwa kwa mkoba wake mpaka goti likachubuka. Alikuwa ameshafika kituo cha polisi, na hakuna aliyekuwa akielewana naye.

Tulimkuta amesimama mbele ya meza, mtandio umechanika, na kijana wa polisi akimuuliza kwa upole kabisa, kwa Kiarabu, mtu huyo alikuwa vipi. Yeye akijibu kwa maneno aliyoyaokota kazini, "Mafi malum, mafi," yaani hajui, hakuna. Mtu aliyeona kila kitu, akisema hajui. Marehemu alinitazama kidogo. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, wengine wanamjua, na mmoja alikuwa amekwisha inuka kumsalimia kwa cheo chake. Akamsogelea yule msichana.

"Mwanangu, alipokukamata ulipiga kelele gani?"

Msichana alimtazama, akaitazama kanzu na kilemba, asiamini. "Shikamoo, baba," akasema, kwa sababu kwao hata msiba hauanzi bila ya salamu. Kisha: "Nilisema, mama yangu, nakufa."

Marehemu akamgeukia polisi, akasema kwa Kiarabu chake cha kushuka ngazi, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Huyu ni Mswahili, na mimi ni Mswahili. Nitasema anavyosema. Andika." Kijana alichukua kalamu. "Hata bibi yangu mzaa mama, akiumwa, hulia hivyo hivyo," akasema kwa Kiarabu, kama anayejiambia mwenyewe, na akaandika.

Sasa nirudi kwenye tanzia. Wanaume tulikaa matanga kwenye ukumbi wa msikiti, mimi karibu na viatu kama kawaida yangu, tukipokea wageni kwa kahawa na kwa maneno yale ya Kiarabu ambayo hata sisi hatuyakosei, kwa kuwa tumeyasema mara nyingi mno. Siku ya mwisho mwanamke mmoja aliyejifunika vizuri alisimama mlangoni, amekosea njia ya kwenda kwa wanawake. Alisema kwa Kiswahili, machozi yanamtoka, "Nimekuja kumlilia baba yangu." Waliofahamu Kiswahili, na walikuwa wengi kuliko walivyokuwa wakikubali, walitazamana, jirani yangu akanipiga kiwiko, "Yakhe, alikuwa na mtoto wa nje?" Nikamwambia anyamaze. Nilimjua kwa sauti, yule msichana wa hina.

Mtoto mkubwa wa marehemu, aliyeandika ule ujumbe usio na kosa, aliinuka akanijia. Ana shahada mbili na adabu nyingi. "Ami," akaniuliza kwa Kiarabu, "anasema nini?"

Nikamtafsiria. Nikamwambia ni msichana ambaye siku moja alionewa, hakuna aliyemwelewa, na baba yenu akasimama mbele ya watu akamsemea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Kwa lugha gani?"

Nilimjibu. Akageuka kumtazama yule mwanamke, ambaye alikuwa bado akisema, mambo marefu, mambo mazuri juu ya baba yake, na yeye mwanawe hakuweza kulipokea hata moja. Akaniomba nisogee karibu, niendelee kutafsiri. Nimetafsiri barua za serikali maisha yangu yote, na hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote nilizowahi kupewa.

Nimejifunza kwamba haki ya kwanza ya mtu aliyeumizwa ni kuulizwa kwa lugha aliyolilia. Marehemu aliipata haki hiyo ugenini, akampa mgeni. Watoto wake aliwakinga na lugha hiyo kwa mapenzi, wasije wakaulizwa wametokea wapi, na sasa wanamlilia kwa lugha ambayo yeye, alipokuwa chini ngazini, hakuikumbuka.