Neno "mdoezi" lilivyonipotezea mwanafunzi

Wakuu, heshima zenu.

Juzi mwenzetu aliuliza humu maana na asili ya neno "mdoezi". Wengi mlicheka. Mimi sikucheka, na haya ninayoandika ni kweli tupu, yalinikuta mwenyewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ng'ambo, Tabora. Enzi za Ujamaa nilipangiwa kijiji kipya, njia ya Sikonge. Nilikuwa kijana, nimetoka kuoa, kichwa kimejaa u-mjini.

Nyumbani kwetu tulikula ndani, mlango umerudishiwa, na kule kijijini nikaendelea hivyo hivyo. (Watu wa Tabora msinishukie, nasema nyumba yetu tu.)

Basi jirani yangu Shija, mrina asali aliyefiwa na mke, kila jioni ugali ukitengwa tu, hodi! Ananawa, anakula matonge machache, anaaga. Mke wangu akawa hana raha. Mimi nikawa nachemka kimya kimya.

Huyu Shija alikuwa pia mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Alitaka jambo moja tu, kuandika jina lake mwenyewe. Alikuwa ameshafika "Shi".

Siku moja nikaandika ubaoni: MDOEZI.

Nikaeleza, "Ni mtu anayevizia chakula cha wenzake. Wengine tunao humu humu."

Darasa zima likamgeukia. Nikajiona mjanja kweli.

Shija akaweka chaki chini, akatoka. Hakuonekana tena darasani wala kwangu.

Siku ya tatu dada yake akanifuata shuleni.

"Mwalimu, kaka yangu ana chakula. Kila jioni nampelekea pale uani wanaume wanapokula pamoja, kinaliwa na wengine. Huku mwanaume akijifungia kula, tunamwita mchoyo. Walishaanza kukusema. Yeye akawaambia, mgeni hajui, acheni nikale naye."

Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni hiyo nikabeba sahani yangu mpaka pale uani. Shija akasogea kunipisha. "Karibu mwalimu, nawa." Hakunilaumu hata kidogo, na tukala pamoja mpaka nilipohamishwa.

Ila darasani hakurudi. Nilimfuata mpaka kwake na chaki mkononi. Akatabasamu tu, "Macho yamechoka, mwalimu."

Siku ya kuondoka kwangu wanafunzi walinipa barua ya kuniaga, kila mmoja kaandika jina lake. Chini kabisa palikuwa na alama ya dole gumba. Barua hiyo ninayo hadi leo, na kuitazama bado kunaniuma.

Asili ya neno sijui, wajuzi watatusaidia. Ila pale kijijini hawakuwa nalo. Nililipeleka mimi.

Nilichojifunza: kabla hujampa mtu jina hilo, muulize kwanza kwa nini anakuja.

Haya, kwenu neno hili mlilisikia wapi? Na kuna mliyewahi kumwita hivyo, mkaja kujuta?