Mkono wa Sweta kwenye Pikipiki ya Baba

Harufu ya sufu iliyolowa mafuta ya mbarika, ikichanganyika na petroli, ndiyo harufu ya utoto wangu. Wenzangu wa rika langu wakikumbuka miaka ile ya Hali ya Hatari, Waingereza walipopambana na Mau Mau, hutaja moshi wa nyumba zilizochomwa, au udongo mbichi wa handaki ambalo mama zetu walichimba kuzunguka kijiji. Hizo nazo nilizinusa. Lakini nikifumba macho na kurudi Embu ya siku zile, kinachonijia kwanza ni sweta yangu ya kijani, na mikono ya baba yangu ikimeta mafuta hadi kwenye viwiko, na mama akiwa amepiga magoti kwenye gunia kando ya pikipiki, kisu cha jikoni kikiwa mdomoni.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka shambani kwetu na kuwekwa katika kijiji cha pamoja, nyumba zimebanana paa kwa paa, na lango moja tu la kuingilia na kutokea. Lango lilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na aliyekutwa nje baada ya hapo hakuulizwa mara mbili. Baba alikuwa dresa katika hospitali ya misheni, yaani mtu wa kusafisha vidonda, kufunga bendeji na kudunga sindano. Misheni ilikuwa imempa pikipiki ili kila Alhamisi ateremke mpaka upande wa Mbeere, kwenye dispensari ndogo mbele ya Gachoka, akawatibu watu wa kule, kisha arudi kabla lango halijafungwa. Kibali chake kilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, nacho kiliandikwa jina lake, namba ya pikipiki na siku ya Alhamisi. Kwa miguu hakikumruhusu. Kwa baiskeli hakikumruhusu. Mtu bila pikipiki ile alikuwa mtu bila kibali.

Na huko mbele ya Gachoka ndiko alikokaa mama yake, bibi yetu tuliyemwita Cucu. Mwiba ulikuwa umemchoma kwenye muundi, kidonda kikachimba ndani, naye akanyamaza nacho mpaka baba alipokigundua katika moja ya safari zake. Alikisafisha, akakifunga, akarudi kumuuliza daktari wa misheni. Daktari alimwambia wazi kwamba kidonda hicho kisafishwe na sindano idungwe kila wiki. Wiki moja ikikosekana huenda mguu ukavumilia, ya pili ikikosekana mguu utakatwa, tena ikiwa mgonjwa mwenyewe atakuwa bado yupo. Baba alituambia maneno hayo tukiwa tunakula, akamaliza chakula chake chote, akaosha sahani.

Ilikuwa miezi ile ya baridi, ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa juu ya paa mpaka karibu saa sita. Lakini kule chini Mbeere jua lilikuwa kali na barabara ni vumbi tupu, laini kama unga, likimfuata mwendeshaji kama mkia. Vumbi hilo ndilo lililoiua pikipiki. Alhamisi moja baba aliondoka kama kawaida, na kabla hata hajafika Gachoka injini ikaanza kukohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Aliisukuma kurudi, mlima kwa mlima, akafika langoni dakika chache tu kabla ya saa kumi na mbili, shati limemgandia mgongoni. Mlinzi wa lango siku hiyo alikuwa Njiru, kijana wa ukoo wa mama, mwenye ulimi usiotulia.

"Daktari," akasema, "leo punda wako ana pumu?"

"Ana pumu," baba akajibu. "Nifungulie nikamtibu."

Cucu alikuwa amekosa wiki ya kwanza.

Kesho yake baba alifungua kile kibati cha duara kilichokuwa kando ya injini, akatutolea kichujio cha hewa. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikujua kwamba pikipiki inapumua. Alinieleza kwa upole, kama alivyonieleza kila kitu: injini huvuta hewa kama sisi, na kichujio ndicho pua yake, vumbi hunaswa pale, hewa safi huingia ndani. Kichujio hicho kilikuwa mviringo wa wavu wa waya, mrefu kama kiganja, uliovishwa kitambaa kinene cha sufu. Sufu yote ilikuwa imegeuka tope kavu, na sehemu moja imechanika ukaweza kupitisha kidole. Wavu ulikuwa mzima. Mtunza stoo wa misheni alisema kichujio kingine kitaagizwa Nairobi, na jinsi barabara zilivyokuwa, tusikitarajie kabla ya mwezi kwisha.

Mama aliuosha wavu kwa mafuta ya taa, akauanika, akaugeuzageuza mkononi. Kila siku asubuhi alikuwa akitolewa pamoja na wanawake wengine kwenda kuchimba matuta, kazi ya lazima isiyo na malipo, akarudi mchana na mgongo uliokakamaa. Alichobaki nacho cha nguvu alikiweka kwenye wavu ule.

"Unataka sufu," akasema. "Sufu iliyofumwa, isiyobana sana. Tena iwe kama soksi."

Nyumbani mwetu sufu ilikuwa moja tu. Ilikuwa sweta yangu ya kijani, niliyopewa shule ya Jumapili kwa kukariri mafungu kumi bila kukosea hata moja. Nilielewa kabla hajanitazama. Nilitoka polepole, nikaikunja, nikaificha chini ya mtungi wa mahindi. Sijivunii jambo hilo, lakini nikisimulia habari hizi bila hilo nitakuwa nimesimulia habari za mtoto mwingine.

Jumamosi ikapita mama akijaribu vitambaa vya magunia, ambavyo viliziba kabisa au viliachia kila kitu. Jumapili baba hakugusa kitu. Alivaa koti lake, akatuongoza kanisani, akaomba sala ndefu ambayo ndani yake hamkuwa na pikipiki. Tulipotoka mama alimwuliza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia, "Baba Wanja, hata Jumapili kidonda kinaoza. Au chenyewe kimepumzika?"

"Hakijapumzika," baba akasema. "Ndiyo maana leo nimemwachia Mungu, aliye kule nacho. Kesho nitaanza mimi."

Alilisema bila kuinua sauti, nami nikaona kidevu chake kinatetemeka. Nilikuwa nimezoea kumwona baba akiwa mtulivu, nikidhani kwamba mtulivu haumii. Jumatatu nilipotoka shule nilienda moja kwa moja kwenye mtungi, nikaitoa sweta, nikaiweka mapajani mwa mama. Hakuniuliza ilikuwa wapi. Aliukata mkono wa kulia kutoka begani, akaupindua, akauvuta juu ya wavu. Uliingia kana kwamba tulifumiwa mimi na pikipiki kwa kipimo kimoja. Mkono wa mtu mzima ungelegea; wa kwangu ulishika.

Ilibaki kuulowesha, kwa maana sufu kavu haishiki vumbi laini, lazima iwe na mafuta. Oili ya injini ilikuwa imefungiwa stoo, ikipimwa kwa kijiko. Mama akachukua mafuta ya kondoo. Kwetu mafuta ya kondoo yalikuwa dawa ya kila kitu: tulipaka visigino vilivyopasuka, tulilainisha ngozi, tulipaka hata tandiko la baiskeli. Aliyayeyusha, akayamimina, akakamua. Baba akafunga kibati, akapiga kiki, na pikipiki ikanguruma palepale mbele ya nyumba, jua la saa nane likiwa limejitokeza kidogo. Majirani walitoka kutazama. Mimi niliruka nikiwa na mkono mmoja wa sweta, mwingine uko wazi, sikuhisi baridi hata kidogo.

Jumanne asubuhi, lango lilipofunguliwa, baba aliitoa pikipiki ili kuijaribu. Ukungu ulikuwa mzito na nyasi zimeloa. Alipiga kiki mara ishirini. Ilikohoa, ikamwaga moshi mweusi, ikanyamaza. Alipofungua kibati tuliona mafuta ya kondoo yameganda meupe kama mshumaa, yameziba kila tundu la sufu. Pikipiki ilikuwa imezibwa pua na baridi ya kwetu. Njiru alisogea, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Daktari, umemlisha punda nyama ya mafuta. Atapumuaje?"

Mama alimtazama mpaka akarudi langoni kwake. Kisha akaondoka kwenda kwenye matuta, kwa kuwa tarumbeta ilikuwa imelia na aliyechelewa aliadhibiwa. Shuleni siku hiyo Igoki, tuliyekaa naye dawati moja, aliniuliza kama mkono ule mwingine umeliwa na panya, darasa zima likacheka. Nililia chooni. Sikulia kwa ajili ya kuchekwa, ingawa ndivyo nilivyomwambia mwalimu. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimetoa kitu nilichokipenda kuliko vyote na hakikusaidia. Mtoto wa shule ya Jumapili hadhani kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea.

Mama aliporudi mchana alinikuta nimekaa mlangoni. Aliketi karibu nami huku miguu ina udongo mpaka magotini. Akasema, "Asubuhi yote nilikuwa nachimba nikiwaza. Mafuta gani hayagandi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Yale unayoyakimbia nikitaka kukupaka kichwani."

Yalikuwa mafuta ya mbarika. Cucu mwenyewe alikuwa akiyatengeneza. Aliokota mbegu za mbarika kwenye mipaka ya shamba lake, akazikaanga, akazitwanga na kuzichemsha mpaka mafuta yakaelea, mazito na ya rangi ya asali, akamtumia baba kwenye kibuyu kidogo kwa ajili ya nywele za wajukuu. Kibuyu kilikuwa juu ya rafu, kimebaki nusu, na asubuhi ile ya baridi mafuta yake yalikuwa bado yanatiririka, taratibu, lakini yanatiririka.

Mkono wa kwanza ulikuwa umeharibika, umelowa mafuta ya kondoo yasiyotoka. Mama aliitazama sweta. Safari hii sikungoja. Niliivua, nikaushika mkono wa kushoto nikauvuta ukanyooka, nikamwambia, "Kata hapa." Alikata. Tuliulowesha kwa mafuta ya Cucu, mimi nikikamua upande mmoja na yeye mwingine, tukauvika kwenye wavu, tukafunga ncha zote mbili kwa uzi wa katani. Kisha, badala ya kuijaribu juani na kujidanganya, mama aliweka kichujio nje ya nyumba kilale na baridi.

Jumatano alfajiri ilipopambazuka na lango likafunguliwa, baba alikifunga ndani ya kibati. Alishika usukani, akainamisha kichwa kidogo, akapiga kiki. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikanguruma, ikatulia, ikaendelea kunguruma sawasawa kama mtu aliyeamka na afya. Aliiacha ingurume mpaka moshi ukawa mweupe, kisha ukapotea kabisa. Hakuna aliyeruka. Mama aliokota jembe lake akaenda matutani.

Alhamisi baba aliondoka saa kumi na mbili kamili, akipapasa mfuko wa shati kuhakikisha kibali kipo. Sijawahi kuishi siku ndefu kama ile. Kuanzia saa kumi nilikuwa karibu na lango, nimejikunja ndani ya sweta isiyo na mikono, na Njiru hakunifukuza. Kiasi cha saa kumi na moja na nusu alisimama, akatega sikio kuelekea bondeni.

"Wanja," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. "Punda anakuja."

Baba alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu. Alisimama, akanitazama, akasema tu, "Nimekiosha. Hakijafika mfupani." Alipofungua kibati jioni ile, upande wa nje wa sufu ulikuwa umejaa vumbi lililonaswa, na upande wa ndani ulikuwa bado wa kijani. Tuliuosha, tukaulowesha tena, na kila Jumatano tukafanya hivyo mpaka kichujio cha Nairobi kilipofika, kikiwa kimechelewa kuliko hata walivyosema. Mguu wa Cucu ulichukua miezi mitatu kufunga. Vibali vilipoondolewa alipanda mwenyewe mpaka kwetu, kwa miguu yake miwili, akaomba aonyeshwe hicho chombo kilichokula mafuta yake. Alikigeuza, akakinusa, akacheka mpaka akaketi chini.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Muriithi, ambaye ana boda boda yake hapa Embu, alibadilisha filta ya pikipiki kwenye kibaraza changu. Alifungua skrubu mbili, akaitoa ya zamani, akapangusa kwa kitambaa pale inapokaa, akaweka mpya kutoka kwenye karatasi ya nailoni. Sikumaliza kikombe changu cha chai.

"Cucu, mbona unaitazama hivyo?" akaniuliza. "Si ni filta tu?"

Nilimwomba anipe ile ya zamani kabla hajaitupa. Ilikuwa nyepesi, imejaa vumbi jekundu la barabara ya Gachoka, vumbi lilelile. Namshukuru Mungu kwamba kitu kilichotuchukua siku sita, mikono miwili ya sweta na sala ambayo baba hakuthubutu kuitamka, leo kinatengenezwa chai ikiwa bado moto. Sitamani mtoto yeyote arudishwe kwenye siku zile. Ila huwa nawaza kama Muriithi atawahi kujua, kama nilivyojua mimi nikiwa na miaka tisa, ni nini hasa kinachoiendesha pikipiki mpaka ifike.

Alinipeleka kliniki asubuhi hiyohiyo. Tulipita pale palipokuwa na lango, ambapo sasa pana duka la mbolea, na kuna mtu alikuwa amesimama mlangoni. Mkono wangu ulienda kifuani wenyewe, ukapapasa kana kwamba unatafuta kibali. Mtu yule alitupungia tu, nasi tukapita.