Kibuyu cha Siku ya Ukaguzi

Miaka ile ya tisini, chuo kikuu kimoja cha mbali kiliniomba niingie katika kamati yake ya kuchunguza usalama wa utafiti wa chanjo na vijidudu. Walitaka mtu mmoja asiye wa chuo, asiyelipwa, awasemee majirani wa mahali pa utafiti. Nilikuwa nikifundisha watoto Kurani mtaani Iftin, mjini Garissa, na nilikuwa na ngamia wachache. Nikasema Alhamdulillahi, nikakubali.

Mhadhiri mmoja kijana alikuwa ametengeneza chanjo ya ngamia, sasa anataka kuijaribu kwa majike katika boma nje ya mji wa Garissa. Maziwa yao yangemwagwa mpaka dawa iishe mwilini. Mkutanoni sharti hilo tuliliona zuri, hata mimi niliinua mkono. Kilichobaki ni kukagua boma. Tukiridhika, angechanja kesho yake. Tusiporidhika, kazi yake yote ingesimama.

Tulifika jua likiwaka: mimi, mhadhiri, na mwenyekiti wetu, mama profesa. Ua ulikuwa imara, shimo la taka limefunikwa. Mchungaji wa ngamia wale akanipa kibuyu cha maziwa, akaniita ami kwa Kisomali.

"Adeer, kunywa kwanza. Kazi iko tu."

Nikachuchumaa, nikasema Bismillahi, nikakiinua.

"Mzee!" mhadhiri akapiga kelele. "Kesho hayo ni ya kumwaga!"

"Na leo?"

"Leo ni salama, lakini..."

Profesa akamgeukia mchungaji. "Kesho akija mgeni utafanyaje?"

"Nitampa."

"Si umeambiwa umwage?"

"Nitamwaga, mama. Lakini mtu ana kiu, amesimama hapa, mimi namwaga chini yeye anaona? Hiyo hata wewe huwezi."

Profesa akanitazama. "Mlinzi wa majirani ndiye wa kwanza kunywa!"

Nilicheka, ila nikasema ukweli: mimi pia nisingeweza kumnyima mtu, kwa hiyo majike siwapitishi. Mhadhiri akakaa juu ya sanduku lake la barafu, amenyong'onyea. Nikamhurumia.

"Dawa yako inahitaji maziwa?"

"Hapana. Napima damu tu."

"Basi chanja madume. Mimi ninao."

"Wako hapana," profesa akasema. "Wewe ni kamati."

"Wa shemeji yangu?"

"Mzee!"

Mchungaji akacheka mpaka akashika mbavu, akasema tajiri wake ana madume wa kutosha. Mhadhiri akainuka. Profesa akaafiki, nami nikaafiki, chanjo ikawa ya kesho kama ilivyopangwa. Kibuyu kikazunguka, na aliyekimaliza ni mhadhiri.